Mama aliniambia Mungu wa kitabuni mwangu anajibu upesi mno: niliyopitia nikiandika riwaya ya mafumbo ya Kikristo

Jumamosi moja nilikaa sakafuni sebuleni na chupa ya gundi, mkasi na maboksi sita ya vitabu vyangu mwenyewe. Nilibandika vikaratasi 300, kimoja kimoja, kwenye ukurasa wa 31. Kila kikaratasi kilikuwa na neno moja tu: "Basi". Neno hilo la herufi nne lilifutwa kwa nia njema kabisa, na kufutwa kwake kukavunja fumbo kuu la riwaya niliyoiandika kwa miaka mitatu. Naandika haya kwa sababu kila mwezi kuna mtu ananiuliza nilivyoandika kitabu kile, na wengi wao wanaelekea kwenye mashimo yaleyale niliyotumbukia mimi.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mkoani Tanga. Nimekulia Muheza, karibu na Magila, ambako wamisheni wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walijenga zamani na ambako babu yangu alikuwa katekista. Jioni babu alitutegea vitendawili, kisha akawasha kibatari na kusoma Biblia. Kwangu mambo hayo mawili hayakuwahi kutengana. Nilipokua nikapenda riwaya za taharuki, zile zinazokufanya usahau kuzima jiko. Nilichokikosa ni watu wanaosali bila aibu ndani ya hadithi hizo, watu kama wa kwetu, ambao wakipotelewa na kitu wanapiga goti kwanza ndipo wanatafuta chini ya kitanda.

Basi nikaamua kuandika yangu. Binti anayetunza vitabu vya kanisa anaachiwa daftari na babu yake katekista. Daftari limejaa mistari ya Biblia isiyo na maelezo na mafungu ya herufi zisizosomeka. Kuna mtu mwingine analitaka daftari hilo na hana subira. Njia yote inaishia Unguja, kwenye kanisa kuu la Mkunazini.

Mkunazini nilipachagua kwa sababu ya jambo moja. Kanisa lile limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873 na jiwe la msingi likawekwa mwaka huohuo. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, na kaburi lake, tangu 1882, limo humohumo nyuma ya madhabahu. Humo ndani kuna nguzo ambazo wenyeji husimulia kwamba mafundi walizisimamisha juu chini askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha vilevile. Nilipoisikia habari hiyo nikiwa na kwaya yetu zamani, ilinikaa. Nguzo iliyopinduliwa! Kama si kidokezo hicho, ni nini?

Na Biblia yenyewe ikanipa mwenzake. Fungua Yeremia 25:26, utamkuta mfalme wa Sheshaki. Hakuna nchi iliyoitwa hivyo. Ni Babeli iliyofichwa: kwa Kiebrania unachukua alfabeti, unaipindua, herufi ya kwanza inakuwa ya mwisho, ya pili inakuwa ya pili kutoka mwisho, na kuendelea. B inageuka Sh, L inageuka K, na Babeli inatoka Sheshaki. Ukitaka uthibitisho, nenda sura ya 51 mstari wa 41, ambapo Sheshaki na Babeli wamewekwa katika mstari mmoja. Nabii aliandika kwa mafumbo miaka zaidi ya elfu mbili na mia tano iliyopita. Nilipolielewa hilo sikulala. Nguzo iliyopinduliwa ingemwambia binti yangu wa hadithini aipindue alfabeti, na daftari lingesomeka.

Hapo ndipo Kiswahili kiliponifundisha adabu. Alfabeti yetu, ukiondoa Q na X, ina herufi 24. Nikaipindua: A ikawa Z, B ikawa Y, hadi L ikawa M. Neno "imani" likageuka "plzkp". Nikafurahi, kumbe sikuwa nimeficha kitu. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Mteguaji mwenye akili anaangalia herufi za mwisho za maneno, anagundua ni tano tu zinazojirudia, na papo hapo ameshazipata irabu zote. Iliyobaki ni kazi ya nusu saa. Mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alilivunja fumbo langu la kwanza kipindi cha chakula cha mchana, akanirudishia karatasi ikiwa na doa la maharage.

Kwa hiyo, kama unaandika kwa Kiswahili, usiige fumbo la lugha nyingine kama lilivyo. Ondoa nafasi kati ya maneno, andika herufi katika mafungu ya tano tano, na hapo mwisho wa neno hauonekani tena. Amua mapema kama "ng'", "sh" na "dh" zinahesabiwa kama herufi moja au mbili, na mwambie msomaji. Mimi nilihesabu kila alama peke yake na nikalisema hilo kwa mdomo wa babu katika sura ya pili.

Kosa langu la kwanza kubwa halikuwa la mafumbo. Niliandika sura ya Mkunazini kwa kumbukumbu ya ile safari ya kwaya, nikaziweka zile nguzo karibu na madhabahu. Msomaji wangu wa kwanza kutoka Unguja akanipigia simu: "Mwalimu, umewahi kuingia humo kweli?" Nguzo ziko upande wa pili, huko nyuma panapobatiziwa. Binti yangu wa hadithini alikuwa akipapasa mahali pasipo na kitu. Nikafunga safari. Basi hadi Dar es Salaam, boti, malazi ya usiku mmoja, vyote pamoja shilingi 165,000, fedha ambazo sikuwa nimezipanga. Lakini nilikaa mle ndani asubuhi nzima. Niliuona msalaba uliochongwa kwa mti wa kule Chitambo, Zambia, mti ambao moyo wa mmisionari Livingstone ulizikwa chini yake. Nikagusa nguzo. Marumaru ile ni baridi hata jua la saa sita likiwa kali nje. Nilirudi na kurasa kumi na moja mpya, na hakuna hata moja ambayo ningeibuni nikiwa Tanga. Kama mahali papo na unaweza kupafikia, nenda kabla hujaandika.

Kosa la pili lilikuwa la Biblia yenyewe, na hili ningeomba kila anayeandika mafumbo ya Maandiko alisome mara mbili. Katika daftari la babu kulikuwa na mistari mitano. Ukichukua neno la mwisho la kila mstari, kisha herufi ya kwanza ya neno hilo, unapata NGUZO. Mstari wa kwanza ulikuwa Mwanzo 1:1. Katika Biblia ya Union Version, ile ya 1952 niliyokulia nayo, mstari unaisha kwa "mbingu na nchi". N. Safi kabisa.

Nikatoa fotokopi saba za muswada. Kurasa 214, shilingi mia kwa ukurasa, jumla 149,800. Nikawapa watu saba: dada wawili wa kwaya, mwalimu mwenzangu, kijana wa bodaboda anayependa kusoma, shemeji yangu Mkatoliki, mama mmoja wa ushirika, na yule wa Unguja. Baada ya wiki mbili kijana wa bodaboda akaja shuleni kaegesha pikipiki getini, uso umemkunjamana. Alikuwa amehangaika siku nne. Biblia yake ni Habari Njema, na humo Mwanzo 1:1 inaisha kwa "mbingu na dunia". Alikuwa amepata D, na baada ya D herufi nyingine mbili zisizo zangu. Alidhani yeye ndiye mjinga. Hilo ndilo lililoniuma. Mtu mwerevu aliyeamini kitabu changu, kitabu kikamwambia ni mjinga.

Shemeji naye alikuwa na lake. Nilikuwa nimeandika kidokezo, "nenda kitabu cha arobaini", nikimaanisha Mathayo, kwa kuwa Agano la Kale letu lina vitabu 39. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 46 katika Agano la Kale, wamo Tobiti na Yudithi na wenzao, kwa hiyo Mathayo kwake ni cha 47. Aliniuliza kwa upole kama kitabu hiki nimewaandikia Waanglikana peke yao. Sikuwa na jibu la kumpa.

Tangu hapo nina kanuni moja. Mistari yote inayobeba fumbo inaandikwa kamili ndani ya hadithi, neno kwa neno, ili msomaji asihitaji kitabu kingine chochote mkononi. Ukurasa wa kwanza unataja tafsiri iliyotumika. Hakuna fumbo linalotegemea namba ya kitabu. Na kwa kuwa sasa nilikuwa nanukuu sana, niliandika barua Chama cha Biblia kuomba ruhusa. Fanya hivyo mapema, usisubiri siku ya kwenda kwa mchapaji.

Sasa nifike kwenye jambo lililobadilisha kitabu kizima.

Wakati huo mama yangu alikuwa mgonjwa wa figo. Tulikuwa tunampeleka kusafishwa damu kila wiki, na kila wiki ilikuwa hesabu mpya ya nani atachanga nini. Tulifunga, tuliomba, kikundi cha wanawake kilikuja kuombea nyumbani, padri alikuja na Komunyo. Nami usiku nilikuwa naandika. Siku za hospitali nilibeba muswada kwenye mfuko wa plastiki nikamsomea akiwa amelala kwenye mashine, saa nne zile zisizoisha. Mama alikuwa msikilizaji mzuri. Aliguna mahali pa kuguna. Alimchukia mtu mbaya wangu kwa moyo wote.

Katika muswada ule, binti alipokwama, alisali, na Mungu akamwonyesha. Mara ya kwanza alimpa ndoto. Mara ya pili ndoto nyingine. Mara ya tatu Biblia ikafunguka yenyewe mahali panapohusika. Mara ya nne alisikia sauti. Niliona ni ushuhuda. Nilidhani hivyo ndivyo kitabu cha Kikristo kinavyopaswa kuwa.

Nilipomaliza kusoma ile sura ya sauti, mama alinyamaza kidogo. Mkono wake wenye mipira ulikuwa juu ya shuka. Akasema, "Mwanangu, huyo Mungu wa kitabuni mwako anajibu upesi."

Nikamuuliza, "Kwani vibaya, mama?"

"Si vibaya. Ila wangu mimi hanijibu hivyo. Mimi na yeye tunakaa tu hapa, kimya." Kisha akaniomba nimpe maji, yale machache aliyoruhusiwa.

Niliporudi nyumbani sikuandika neno kwa wiki tano. Nilikuwa na hasira, na sikujua ni ya nani. Nilijua kwamba nilichokiandika hakikuwa kweli. Nilikuwa nimemfanya Mungu kuwa ufunguo wa makufuli yangu. Kila nilipokosa njia ya kumtoa binti chumbani nilimwita Mungu aje afungue mlango, halafu nikaita hiyo imani. Mtu aliyeomba miezi kumi na minne bila ndoto hata moja akisoma vile, atajiona ana kasoro. Kama yule kijana wa bodaboda, ila kwa jambo zito kuliko herufi.

Nilirudi kwa Samsoni. Katika Waamuzi 14 anawategea Wafilisti kitendawili, na Biblia yetu inakiita hivyohivyo, kitendawili, juu ya asali aliyoikuta katika mzoga wa simba. Siku saba, mavazi ya kitani thelathini na mengine thelathini ya kubadili. Lakini hakuna aliyemwona simba isipokuwa yeye. Hakuna njia yoyote ambayo mtu mwenye akili angelitegua. Wafilisti walilipata jibu kwa kumtisha mkewe, na mwisho wake ulikuwa damu. Fumbo lisilo la haki linazaa udhalimu. Babu yangu alilijua hilo bila kulisema: alitega tu yale ambayo hata sisi watoto tulikuwa tumeyaona shambani au jikoni. Na tukishindwa tulimpa mji, naye alilazimika kutoa jibu. Hajawahi kuchukua mji akanyamaza.

Nikarudi pia kwa Paulo, 1 Wakorintho 13:12: "tunaona kwa kioo kwa jinsi ya fumbo". Mstari huo nimeusikia harusini maisha yangu yote, na sikuwahi kusikia neno la mwisho. Fumbo la kwenye daftari lina jibu, na mwandishi ana deni la kulitoa. Lakini ukimya ule wa mama na Mungu wake sikuwa na haki ya kuutegua kwa kalamu yangu. Vitu hivi viwili nilikuwa nimevichanganya.

Nikaandika upya sura tisa. Ndoto zote nikafuta. Binti bado anasali, kuliko hata mwanzo, lakini akimaliza kusali fumbo liko palepale mezani. Anachopata ni nguvu ya kukaa nalo usiku mwingine. Wakati mwingine hata hiyo hapati, anaamka na kwenda kupika chai. Majibu anayapata kwa kusoma, kwa kuuliza wazee, kwa kurudi mahali mara ya pili. Taharuki ikapanda! Sikulitegemea hilo. Msomaji akijua kwamba malaika hatatokea, anaanza kuogopa kweli. Ukiandika habari za aina hii, kapime sura zako kwa swali moja: ukiondoa maombi hapa, fumbo linateguka kwa vidokezo vilivyopo? Likiteguka, yarudishe maombi, yatakuwa maombi kweli. Lisipoteguka, umeyafanya maombi kuwa gundi ya kuziba ufa.

Mama alisikiliza sura sita kati ya zile tisa. Alifariki mwezi wa nane, alfajiri, tukiwa naye wawili.

Uchapaji nitausimulia kwa kifupi, maana hapo fedha zilitoka lakini hadithi ni fupi. Nilikopa SACCOS shilingi 1,800,000. Namba ya ISBN niliiomba Maktaba ya Taifa. Nakala 300 zilinigharimu 5,200 kila moja, yaani 1,560,000, bila usafiri. Kava la kwanza lilikuwa na tundu la ufunguo na jicho ndani yake. Nilipolipeleka kanisani kuomba nafasi ya kutangaza, mzee mmoja alilitazama muda mrefu akaniuliza jicho lile ni la nani. Kufikia Jumapili iliyofuata ilikuwa imeshasemwa kwamba mwalimu ameandika kitabu cha Freemason. Nililia. Kisha nikaelewa kwamba hofu ile ipo, haijaanza na mimi, na watu wale ni walewale waliokuja kumwombea mama. Nikalipa 80,000 kava lichorwe upya, nguzo moja nyeupe basi, na nikaomba ruhusa nikasoma sura ya kwanza mbele ya ushirika mzima, pamoja na kuwafungulia Yeremia 25. Mzee yule alinunua nakala mbili. Kwa sababu hiyohiyo nilikataa kabisa kuitumia hesabu ya mnyama ya Ufunuo 13:18, ingawa wengi walinishauri kwamba ingeuza. Watu wetu wametishwa vya kutosha na namba ile, na sikutaka mtoto alale macho kwa ajili yangu.

Sasa ile "Basi".

Sehemu ya kwanza ya riwaya ina sura sita. Herufi za kwanza za sura hizo, zikisomwa kwa mpangilio, zinatoa BABELI. Ndicho kidokezo cha haki nilichomwachia msomaji: akiliona neno hilo, kisha akakutana na Sheshaki baadaye, ameshapewa ufunguo mkononi. Sura ya tatu ilianza, "Basi, asubuhi ilipofika". Nilimpa muswada msahihishaji makini sana, mtu asiyependa maneno ya kujaza. Akafuta "Basi,". Akaandika "Asubuhi ilipofika". Sentensi ikawa nzuri zaidi, nakiri. Na BABELI ikawa BAAELI.

Prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, nilizisoma mara mbili, nikitafuta makosa ya tahajia, na hapakuwa na kosa la tahajia. Niligundua nakala zote zikiwa tayari sebuleni, nilipomwonyesha dada wa kwaya kwa kidole: B, A... na kidole changu kikasimama.

Msahihishaji hakuwa na kosa. Sikumwambia. Nilitaka naye afurahie fumbo kama msomaji mwingine, nikamnyima siri. Siku hizi nina karatasi moja ninayoiita karatasi ya mafumbo. Imeorodhesha kila herufi, kila namba na kila kosa la makusudi lisiloguswa, pamoja na ukurasa wake. Nakala moja kwa msahihishaji, moja kwa anayepanga kurasa, na siku ya prufu naipitia hiyo peke yake kabla sijasoma kitu kingine. Vikaratasi 300 vilinigharimu 15,000 na siku nzima. Watu wamewahi kuniambia kwamba kile kikaratasi kilichobandikwa ndicho kilichowafanya waliangalie neno lile mara mbili.

Vitabu niliviuza 10,000 kimoja, mkono kwa mkono, baada ya ibada na kwenye mikutano ya walimu. Vilichukua miezi kumi na tisa kuisha, na deni nililimaliza mwezi wa kumi na sita. Usiache kazi kwa ajili ya hili.

Kuna jambo moja nilisita kuliandika. Mama aliniachia Biblia yake, ile Union Version yenye jalada lililobadilishwa na fundi viatu. Pembeni mwa mistari fulani kuna misalaba midogo ya penseli. Haina tarehe, haina maneno. Nimeihesabu, ni 41. Usiku mmoja nilikaa mezani nikaiorodhesha yote kwenye karatasi, nikachukua herufi za kwanza, kisha za mwisho, kisha nikaipindua alfabeti, kama nilivyomfundisha binti wa hadithini. Nilifanya hivyo hadi saa tisa usiku. Halafu nikaichana ile karatasi, nikasoma mistari yenyewe, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya chini, kama nilivyokuwa nikimsomea. Mingine naelewa kwa nini aliiwekea alama. Mingi sielewi.

Toleo la pili lilitoka na "Basi" yake mahali pake. Mwezi uliopita nilipata ujumbe kwa simu kutoka kwa katekista mmoja ambaye sijawahi kumwona. Alikuwa amekwama kwenye mafungu ya mwisho ya daftari kwa wiki nzima. Aliandika: "Mwalimu shikamoo. Nimeshindwa. Nakupa Kigoma, nipe jibu."

Nikamjibu kama babu alivyokuwa akitujibu: Nilikwenda Kigoma, watu wa Kigoma wakanipokea vizuri, wakanipa ugali na migebuka nikashiba. Kisha nikamwandikia jibu lote, herufi kwa herufi.